Tafakari ya wiki: Ili tuvitumie kwa furaha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tukae na 1 Timotheo 6:17, na naomba tuisome mpaka mwisho maana wengi tunaishiaga katikati: "Walio matajiri wa ulimwengu wa sasa uwaagize wasijivune, wala wasiutumainie utajiri usio yakini, bali wamtumaini Mungu atupaye vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha."

Nimeletwa hapa na swali la dada yetu mmoja baada ya ibada, aliniona na mandolini mpya akaniuliza kwa upole kabisa, hivi kaka, mtu aliyeokoka ni sawa kuagiza chombo cha muziki cha hela nyingi hivyo kwa ajili ya raha yake? Swali zuri na linastahili jibu la kutoka kwenye Neno.

Kwanza niwaeleze hiki chombo chenyewe maana wengine wamekiona kwa mbali tu. Mandolini ni ndogo kuliko gitaa, ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, kila jozi sauti moja, na inatyuniwa kama fidla, yaani sol, re, la, mi. Asili yake ni Italia, Napoli huko, na hizo za zamani zina mgongo wa mviringo. Ya kwangu imefuata umbo lingine, la mgongo uliochongwa, ambalo Orville Gibson alilipatia hataza Marekani mwaka 1898. Wazee wa pwani wanaijua sauti yake kwenye taarab, jirani yangu mzee Muislamu akinisikia jioni anavuta kiti chake anasogea, wala hatuna haja ya kuambiana kitu.

Imetengenezwa na fundi wa hapahapa Bagamoyo, mchongaji aliyeanza na milango na ngoma. Kabla hajashika mbao alinishika mkono, akapima vidole, akaniambia nikunje nikunjue, akauliza napigia wapi, nimekaa au nimesimama, naimba huku napiga au vipi. Ndipo akaanza kuchonga shingo. Ubao wa kubonyezea nyuzi ni mpingo, mti wetu huu unaotoka Lindi na Kilwa, ambao Ulaya wanautengenezea klarineti na oboi, mzito mpaka ukiutupa majini unazama. Mgongo ni mninga. Kifua, yaani ubao wa mbele, ni sprusi, mbao nyepesi ya nchi za baridi, hiyo alikuwa nayo tayari ameitunza miaka. Na kifua ndicho kilichomchukua muda mrefu, katikati anaacha unene kidogo, pembeni anashuka mpaka milimita 3 hivi, anachonga kidogo anagonga kwa kidole anasikiliza, kama mama anayegonga nazi sokoni, anachonga tena anagonga tena. Akizidisha kuchonga, ubao utabonyea, maana nyuzi nane zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, akichonga kidogo mno ubao unabaki mzito hauimbi. Nilikaa pale kibarazani kwake nikimwangalia na jamani nilimwona Bezaleli.

Kutoka 31 inasema Mungu alimwita Bezaleli kwa jina akamjaza roho ya Mungu, na ile roho ikaonekana kwenye kuchora mti, kukata vito, kufanya kazi ya dhahabu na shaba. Tumezoea kumtafuta Roho kwenye mkesha na mahubiri, ni sawa kabisa, lakini mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu amemjaza roho yake ni fundi. Mimi naamini ule utulivu wa mzee yule akisikiliza ubao una uhusiano na hilo. Na ukisoma 1 Wafalme 10 kuna kitu kidogo ambacho watu wanakipita haraka, Sulemani aliletewa miti ya msandali ya thamani sana, haikuonekana tena kama ile, akafanyia nguzo za nyumba ya Bwana, na mti uleule akafanyia vinubi na vinanda vya waimbaji! Hakuwaambia waimbaji wachukue mabaki ya miti ya kawaida.

Sasa kuhusu hela. Najua kuna wanaosema hela hiyo ingenunua mabati ya kanisa, na wanaosema hivyo wanaipenda kanisa, siwalaumu. Lakini Mathayo 26 wanafunzi walisema hivyohivyo juu ya marhamu ya thamani ambayo mwanamke mmoja alimmiminia Yesu kichwani, na Yesu akamtetea yule mwanamke. Hapa nataka niwe makini maana mstari huu umetumiwa vibaya sana na watu wanaotaka kuishi kifahari. Kama ada ya mtoto haijalipwa, au mama yako kijijini hana dawa, usiagize mandolini, hilo halina mjadala. Kiasi changu nilikiweka pembeni polepole baada ya sadaka na ada, na hela yenyewe haikutupwa baharini, imemlipa fundi kazi ya mikono yake, naye ana nyumba na wajukuu.

Halafu 1 Timotheo 6 aya ya 18 inaendelea, wawe tayari kutoa mali zao, washirikiane na wengine. Kwa hiyo kwa Paulo kufurahia na kushirikiana vinaenda pamoja, na kwa mandolini ni rahisi kuona, maana chombo kilichofungiwa kwenye boksi hakimfaidishi mtu. Wapigaji wengi watakuambia kifua kipya cha sprusi sauti yake inafunguka kadiri unavyokipiga. Ndiyo maana vijana wa kwaya nawapa washike, wapige, wajifunze kutikisa piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, haraka mpaka sauti iwe ndefu, nachowaomba tu wafute nyuzi kwa kitambaa wakimaliza, chumvi ya hewa ya huku inakula chuma vibaya. Na mimi mwenyewe jioni nikiipiga peke yangu bila tenzi yoyote, kwa utamu wake tu, namshukuru Mungu palepale na sijisikii vibaya hata kidogo. Dada yangu, hilo ndilo jibu langu kwako.

Alhamisi jumuiya tunakutana kwa mama mchungaji saa kumi na moja jioni. Mwenye gitaa juu ya kabati, kayamba, zeze la babu, chochote kilicholala, aje nacho hata kama nyuzi zimekatika, fundi ameahidi kupita na koleo lake na nyuzi za akiba. Tutaanza na Zaburi 33, ule mstari wa 3, "Pigeni kwa ustadi kwa sauti ya shangwe."