Faili lililogoma kufunguka Pangani

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia wachuuzi wachache wa soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, kuyageuza madaftari yao ya mauzo kuwa data inayoweza kuchambuliwa kwa kompyuta. Kazi tunaifanya wawili: mimi niko mjini, mwenzangu yuko Pangani. Nilipomtumia faili la uchambuzi kwa mara ya kwanza, hakukawia kunipigia simu. “Kaka, umenitumia nini? Nimebofya mara mbili, naona mabano matupu.”

Alikuwa na haki ya kushangaa. Faili lile lilikuwa daftari la Jupyter, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta. Daftari hilo, ambalo jina lake huishia na .ipynb, kwa ndani ni maandishi ya JSON, yaani mabano na alama za nukuu zilizobeba msimbo, maelezo na michoro kwa pamoja. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, hayo ndiyo utakayoyaona. Inapasa kuingia kwenye folda ya mradi kupitia terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kuandika jupyter lab, kisha kulifungua daftari ndani ya kivinjari. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo kiasi cha kusahau kwamba linahitaji kuelezwa.

Alipofanya hivyo daftari lilifunguka, lakini seli ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha msimbo, ikadai kwamba faili la data halipo. Kosa lilikuwa langu tena. Nilikuwa nimeandika njia nzima ya kulifikia faili, kuanzia diski C, kupitia folda yenye jina langu, na kompyuta yake haimjui mtu huyo. Sasa njia zote tunaziandika kuanzia folda ya mradi: data/ghafi/mauzo_2024-03-05.csv. Tarehe huanza na mwaka ili mafaili yajipange yenyewe.

Kulikuwa na aibu nyingine. Pembeni mwa kila seli Jupyter huandika namba ya zamu ya kuendeshwa, na zangu zilisomeka 12, 4, 31. Nilikuwa nimeruka huku na huko, nikaifuta seli iliyotengeneza safu ya bei kwa kilo, na kwangu matokeo yakaendelea kutoka kwa sababu safu hiyo ilikuwa bado kwenye kumbukumbu. Siku hizi situmi faili kabla ya kuiwasha upya kerneli, injini inayoendesha msimbo na kushika kumbukumbu hiyo, na kuendesha seli zote kutoka juu hadi chini.

Kilichotuchosha zaidi ni faili la data lenyewe, la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Kijana anayetuingizia data hulifungua kwa Excel na kulihifadhi, na hapo namba za simu za wachuuzi hupoteza sifuri ya mwanzo, kwa kuwa Excel huzichukulia kuwa hesabu. Wanasayansi wa jeni yaliwakuta makubwa kuliko hayo: majina ya jeni kama SEPT1 yalikuwa yakigeuzwa kuwa tarehe, hata jina hilo likabidi libadilishwe kuwa SEPTIN1. Sisi tumeamua kwamba folda ya data ghafi isomwe tu, na kwamba Python, lugha tunayoandikia msimbo, iisome safu ya simu kama maandishi.

Suala la saa, hata hivyo, siwezi kumlaumu mtu. Mashua za dagaa zinazovua usiku kwa taa hurudi alfajiri, na kijana akaandika 11:00, akimaanisha saa kumi na moja alfajiri, kama ambavyo yeyote kati yetu angesema. Kompyuta ikaielewa kuwa saa tano asubuhi. Mchoro wangu wa kwanza ukaonyesha dagaa wakiteremshwa wakati ambapo kwa hakika wameshauzwa, na wengine wako kwenye sufuria. Sikuthubutu kuwaonyesha wachuuzi. Hatukumbadilishia kijana saa yake. Tuliongeza safu ya kipindi, naye huandika alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha msimbo ndio unaoigeuza 11 ya alfajiri kuwa 05:00 na 11 ya jioni kuwa 17:00.

Jana mwenzangu alilifungua tena daftari kule Pangani. Lilikwenda vizuri hadi seli ya tisa, likasimama: kompyuta yake haikuwa na matplotlib, maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) ya kuchorea michoro. Nimeongeza faili la requirements.txt lenye orodha ya maktaba zote, na leo jioni atajaribu tena.