Nilivyoandaa taazia ya Mzee Mwinyi kabla hajatutoka

Nilipopewa kazi ya kuandaa taazia za viongozi wastaafu redioni kwetu, wenzangu walisema naleta uchuro. Kwangu mimi uchuro ni kumuaga mtu aliyeongoza nchi miaka kumi kwa wasifu uliookotezwa mtandaoni.

Nilianza na Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania. Tarehe na vyeo havikunisumbua. Kazi ilikuwa sauti. Waliofanya naye kazi nao ni wazee. Ukisubiri msiba, huenda mwenye kumbukumbu ametangulia. Nikawafuata majumbani na kuwaeleza wazi kwamba mahojiano ni ya kuweka akiba. Wawili walikataa.

Mzee mmoja, mtumishi wa serikali wa zamani, alizima redio yake, akaniambia, “Mwanangu, anza na Shinyanga.” Alitaka ikumbukwe kwamba Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya mahabusu mkoani humo, ingawa mkono wake haukuwamo. Kila mtu huanza na Mzee Ruksa, jina lake la utani: bidhaa kurudi madukani, Azimio la Zanzibar la 1991 lililolegeza masharti ya Azimio la Arusha, vyama vingi 1992. Nikapangua makala yote, Shinyanga ikapanda juu.

Umri na mahali pa kufia niliviacha wazi. Makala nzima niliihifadhi kwenye diski ya kabatini, mbali na kompyuta ya kurushia matangazo. Novemba 2020 redio ya RFI ya Ufaransa ilichapisha kimakosa kwenye tovuti yake taazia za watu wapatao 100 waliokuwa hai wakati huo, akiwamo Malkia Elizabeth na Pelé. Nisingependa familia yoyote isikie hivyo.

Jioni ya Februari 29, 2024, Rais Samia alitangaza kifo cha Mzee Mwinyi. Kabla ya hapo hatukutamka neno, kwani tangazo la msiba wa namna hii ni la Ikulu. Fundi mitambo aliondoa kwanza matangazo ya biashara ya usiku mzima, la bia na la kubeti yakiwa ya mwanzo, kisha muziki wa dansi. Mimi nikajaza umri: miaka 98.

Mzee wa Shinyanga alisikika usiku huohuo bila kukatwa. Vijana walipiga simu kuuliza kama kweli waziri aliwahi kuwajibika hivyo, tukampigia mzee huyo mwenyewe awajibu hewani.