Julai 21 kando ya Marine Corps Drive

Kwetu Tanzania, sikukuu ya uhuru ni ya kukumbuka siku mkoloni alipoteremsha bendera yake. Kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, nilikokuwa nikiishi kwa sababu za kikazi, sikukuu kubwa ya mwaka huadhimisha siku ambayo Wamarekani, waliokichukua kisiwa hicho kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, waliirudisha bendera yao. Nilidhani wenyeji, yaani Wachamoro, husherehekea kwa mazoea tu.

Dhana hiyo iliniondoka Manenggon. Siku chache kabla ya sikukuu, familia jirani ilinialika kwenye ibada ya kumbukumbu katika bonde hilo, ambako jeshi la Japani, lililokivamia kisiwa Desemba 1941, liliwaswaga maelfu ya raia mwezi Julai 1944, wazee kwa watoto, kwa miguu na katika tope. Mwezi huohuo wanakijiji 46 wa Malesso' waliuawa huko Tinta na Faha, na Padri Jesus Baza Dueñas akakatwa kichwa Julai 12, siku tisa tu kabla Wamarekani hawajashuka katika fukwe za Asan na Hågat. Bibi wa familia hiyo, ambaye nami nilimwita Nåna kama wajukuu zake, alifikishwa Manenggon akiwa mtoto mdogo, mgongoni mwa dada yake. Ibada ilipokwisha hakuzungumzia vita hata kidogo. Aliulizia kama nyama imekwishalowekwa.

Maana huko sikukuu huanza kwa kuwahi nafasi. Siku kadhaa kabla ya gwaride familia husimika mahema kando ya barabara ya Marine Corps Drive, mjini Hagåtña, na kuhamia humo na majiko, vitanda vya kukunja na watoto. Katika hema letu kijana mmoja alikuwa amekalia kamyo, ambayo kwa kila hali ni mbuzi yetu ya kukunia nazi, akikuna nazi ya kuchanganya na kuku wa kuchoma aliyekatwakatwa, ndimu, vitunguu na pilipili. Chakula hicho huitwa kelaguen. Wali ulikuwa mwekundu kwa mbegu za mrangi, mti uleule unaolimwa Kwale, na nakiri nilirudia sahani.

Gwaride lenyewe ni refu, na jua la Julai halina huruma. Magari yaliyopambwa na vijiji yalipita, wakapita na askari, wengi wao vijana wa hapohapo, lakini makofi mazito yalikuwa ya wazee walionusurika vita, ambao idadi yao hupungua kila mwaka.

Wenyeji walipewa uraia wa Marekani mwaka 1950, ila wakiwa kisiwani hawana kura ya kumchagua rais, na zaidi ya robo ya ardhi imo mikononi mwa jeshi. Nilimuuliza yule kijana wa kamyo, aliyewahi kuwa askari, anayapatanishaje hayo na bendera aliyoifunga kwenye nguzo ya hema. Alisema madai ya ardhi ya familia yao anayafuatilia mwaka mzima na wala hajayaacha. Siku hiyo amekuja kwa ajili ya bibi yake. Kisha akanifungia wali na nyama katika karatasi ya foili, kwa kuwa Mchamoro hakuachii uondoke mikono mitupu, akaniagiza nimpelekee Nåna kiti kivulini.