Baba Wanne

Usiku wa Jumanne, tarehe 4 Januari 2011, nilikuwa nimeketi sakafuni katika chumba cha kupanga mjini Columbus, Ohio, nimejifunika mablanketi mawili, nangojea kuizika tamthilia. "Caprica" ilianza kuonyeshwa Januari 2010, na Oktoba mwaka huohuo ikafutwa kwa uchache wa watazamaji. Zilibaki sehemu tano. Kituo cha Syfy kikaamua kuzimaliza zote usiku ule mmoja, kama mtu anayemwaga maji ya mtungi ili auze mtungi. Nilibadilishana zamu kazini nizione.

Wengi walioipenda "Battlestar Galactica", tamthilia ya vita vya angani iliyoitangulia, hawakuitaka hii. Walitegemea merikebu za angani na mizinga, wakaletewa wanasheria, wahuni na familia zilizofiwa. Hadithi inarudi nyuma miaka 58 kabla Cylon, maroboti yenye akili, hayajawaangamiza wanadamu, na inauliza yalitoka wapi. Yametoka matangani. Tajiri wa kompyuta, Daniel Graystone, amefiwa na bintiye Zoe, bomu limelipuka ndani ya treni. Kumbe Zoe alikwisha kujitengenezea pacha ndani ya kompyuta kwa kukusanya kila alichowahi kuacha nyuma yake: alama za shuleni, picha za hospitali, barua, hata risiti za dukani. Baba akamchukua pacha yule akamtia ndani ya roboti la vita.

Pacha mwenyewe anasema ubongo wa mtu una megabaiti 300 tu. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Flashi niliyotembea nayo mfukoni, ya gigabaiti 4, ingebeba watu kumi na watatu na nafasi ikabaki.

Lakini sikuwa nacheka sana mwaka ule. Baba yangu alifariki Agosti, Tanga, na sikwenda kumzika. Makaratasi yangu yalikuwa ofisi fulani yakingoja muhuri, ningetoka, nisingerudi. Nilisoma Yasini humo humo chumbani, kesho yake nikaenda kazini.

Basi nikawa na ile tamthilia. Niliwapenda zaidi Watauron, wahamiaji wenye michoro mwilini, ambao wenyeji wa sayari ya Caprica huwatukana kuwa ni wala udongo. (Kwetu wala udongo ni waja wazito, wala si tusi.) Mmoja wao, wakili Joseph Adama, naye amefiwa na mke na binti katika treni ileile, na kwa miaka alikuwa akijiita Adams ili asiwasumbue watu midomo. Mimi kazini waliniita Abu. Hilo si jina langu, ni kipande cha jina la baba yangu, na nikaitika.

Katika sehemu ya nne ya usiku ule, mtoto wa Adama, William, akapigwa risasi akafa. Mwenzangu wa nyumba, Mmarekani aliyejua "Galactica" kwa moyo, aliruka kutoka kwenye kochi. Haiwezekani! William Adama ndiye kamanda wa meli katika "Galactica", miaka hamsini na zaidi baadaye, atakufaje mtoto? Mimi nikamwambia atulie, atazaliwa mwingine, watampa jina. Akanitazama kana kwamba nimesoma hati za waandishi kabla yake.

Baadaye usiku ule simu yangu ikalia mara moja ikakata. Mama amebipu. Tanga ilikuwa asubuhi. Nikakwangua kadi, nikabonyeza tarakimu zile ndefu, huku jicho moja liko kwenye runinga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwenye pasi yako, baba yako kaandikwa nani?"

Alikuwa anakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Karani alikuwa amemrudisha mara mbili. Kwenye kitambulisho cha shamba la mkonge baba ni Bakari. Kwenye karatasi ya kiwanja ni Beka, maana mjumbe aliandika alivyozoea kumwita. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa ni Abubakar. Sasa alitakiwa kuapa kwamba wote hao ni marehemu mmoja. Nikamwaza yule binti wa risiti. Baba angekusanywa kwa makaratasi yake, wangetoka wanaume watatu, na hakuna hata mmoja ambaye angejua kupiga mluzi akinoa panga.

Nikatoa pasi chini ya godoro. Abubakari, yenye i mwishoni.

"Basi wako wanne," akasema, akaguna. Kisha: "Mbona kelele huko?"

"Mchezo, mama. Watu wametengeneza maroboti."

"Yanafanya kazi gani?"

Nikatazama. Sehemu ya tano ilikuwa ukingoni, na wanaonyesha mambo ya baadaye. "Moja linatembeza mbwa."

"Hawana watoto watu wa huko?"

Mwenzangu akanipiga kofi la bega, ananionyesha kioo: Adama ana mke mpya, na mtoto mchanga anapewa jina la aliyekufa. Nikaitikia kwa kichwa, nikapunguza sauti.

"Haya, nitajie taratibu," mama akasema, "nimeshika kalamu."

Nikaanza na A.