Tagi ya maji baridi huchakaa wapi

Bamba la chuma linaishi maisha marefu zaidi Port Bell, bandari ya Uganda kwenye Ziwa Victoria, kuliko Mombasa. Ziwa halina chumvi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoshushwa majini 1915 na kutumiwa na Wajerumani vitani, ilipita miaka 100 ikiwa bado na umbo lake. Kwa hiyo ukinunua tagi kuukuu, boti ile ya kuvutia meli, usiridhike kugonga ubavu kwa nyundo. Fungua chumba cha injini.

Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, hivyo nguvu ya farasi 500 iliyoandikwa kwenye kibati cha injini hubaki kama 445. Kwa hesabu ya mabaharia ya tani 1 kwa farasi 100, mvuto wa tani 5 unashuka hadi 4.5 hivi. Nahodha asiyejua hilo hukandamiza mafuta. Moshi unakuwa mweusi, na valvu za kutolea moshi zinaungua mapema.

Halafu magugu maji. Yakiziba tundu la kunyonyea maji, pampu huzunguka kavu na feni yake ya mpira hukatika ndani ya dakika chache. Wengi hufunga feni mpya na kuondoka. Hesabu kwanza mapanga ya ile ya zamani: lililokosekana limekwama kwenye kipoza joto, na injini itachemka tena. Funga machujio mawili, moja lifanye kazi wakati lingine linasafishwa.

Vipande vya zinki vya kuzuia kutu ni mazoea ya baharini. Kwenye maji baridi hujifunika ganda na kulala, kutu ikala chuma karibu na rafadha, panga linalosukuma boti. Huku weka vya magnesiamu, na uvitazame kila mara boti inapopandishwa chelezoni, nje ya maji.

Ndoano ya kuvutia ndiyo huzamisha watu. Kamba ikivutwa kutoka ubavuni, tagi hulala na kupinduka kabla mtu hajafika kwenye mlango. Kifyatulio chake, cha kuachia kamba kwa dharura, kinapakwa rangi kila mwaka kikang'aa, kumbe ndani kimeganda. Kijaribu kamba ikiwa imekaza. Kikifyatuka kamba ikiwa imelegea, bado hujajaribu kitu. Jaribu kutoka kwenye usukani na kwenye sitaha pia, na kikikataa popote pale, boti isiende kuvuta.