Tabasamu la Kukusudia

Ushauri wa kutabasamu hata moyo ukiwa mzito hunikera unapotolewa na mtu asiyejua yaliyonisibu, ingawa siwezi kukana kwamba una chembe ya ukweli, tena ukweli uliokwisha kupimwa.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Fritz Strack na wenzake waliwapa watu kalamu. Baadhi waliishika kwa meno, hali inayovuta pembe za mdomo kama za mtu anayetabasamu, na wengine wakaibana kwa midomo. Walioishika kwa meno waliviona vikatuni walivyoonyeshwa kuwa vya kuchekesha zaidi. Jaribio hilo lilivuma sana, mpaka maabara 17 zilipolirudia na kutangaza mwaka 2016 kwamba hazikuona tofauti ya maana. Mjadala haukuishia hapo, kwani mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine uliowashirikisha watu 3,878 kutoka nchi 19. Safari hii pia kalamu haikutoa jibu la uhakika, lakini walioiga picha za nyuso zenye furaha, au waliosogeza misuli ya uso kama walivyoelekezwa, walijisikia vizuri zaidi. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo, na kwangu hilo ndilo linalofanya habari hii iaminike.

Namna ya kutabasamu nayo ina uzito wake. Tangu mwaka 1862 daktari Mfaransa Duchenne alibainisha kwamba tabasamu la furaha halisi huhusisha pia misuli inayozunguka macho, wala si mdomo peke yake. Kwa hiyo ninapokuwa peke yangu, pengine kabla ya kufungua ujumbe ninaouogopa, hulegeza taya, nikapandisha mashavu hadi mikunjo ijitokeze kwenye pembe za macho, kisha nikatulia hivyo kwa sekunde chache. Mwanzoni mtu hujiona kichekesho (na huko kujicheka nako kunasaidia), halafu mabega hushuka na pumzi hutulia. Hofu haiondoki, ila hupungua kiasi cha kuniwezesha kuusoma ujumbe wenyewe.

Tabasamu la kuamrishwa silitetei. Mfanyakazi anayelazimika kuwachekea wateja kutwa nzima huku ameficha hasira hurudi nyumbani amechoka zaidi, na aliyefiwa ana haki ya kulia bila kusahihishwa uso wake na mtu yeyote.