Mazutu nyekundu haiui motere

Lori la mtumba linatoka Dar es Salaam, linapita Zambia, linavuka mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa. Lubumbashi fundi anafungua filtri ya kwanza na kukuta mazutu (dizeli) nyekundu chini ya bakuli. Papo hapo maneno yanaanza: "Motere hii ilikunywa mazutu mubaya kule Ulaya." Patroni anashtuka, na watu wanaanza kupanga kufungua motere (injini) isiyo na kosa.

Wekundu ule ni alama ya kodi, basi. Uingereza, Ufaransa na Marekani, mazutu ya mashine kama trekta za shamba haitozwi kodi sawa na ya magari ya barabarani, kwa hiyo hutiwa rangi ili mkaguzi akichovya tangi aijue. Marekani, anayekamatwa nayo barabarani kwa mara ya kwanza hulipa dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, kile kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. Uingereza walibana masharti kuanzia Aprili 2022. Kabla ya hapo hata mashine za baridi za trela ziliruhusiwa kuitumia, ndiyo maana trela ya friji ya zamani mara nyingi huja na tangi dogo lenye mabaki mekundu. Rangi yenyewe huwekwa kwa miligramu chache tu kwa lita. Haizibi filtri, haikwangui pompi.

Tofauti ya kweli ilikuwa salfa. Ulaya, mazutu ya mashine za nje ya barabara iliruhusiwa kuwa na ppm 1,000 (sehemu kwa milioni) za salfa hadi 2011, wakati ile ya malori ilikuwa imeshashushwa hadi 10. Salfa ikiungua hutoa asidi, asidi inamaliza nguvu ya oili, na kwenye lori la Euro 5 au Euro 6 (viwango vya moshi vya Ulaya) inaharibu vifaa vya kusafisha moshi. Siku hizi Ulaya nyekundu ya mashine hizo na nyeupe ya malori zote ni 10. Kwa hiyo mwenye lori jipya la Actros akiogopa rangi huku akinunua bido (jerikani) kwa kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, anafunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi.

Kuna nyekundu moja ya kuogopa: ile iliyooshwa kwa asidi ili ionekane nyeupe. Ireland ya Kaskazini wahalifu wameifanya miaka mingi. Mabaki ya asidi hula mpira na chuma cha pompi, na kwa macho huoni kitu.

Kwetu wauaji ni wawili: maji, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi, na pompi ya injeksyo (inayosukuma mazutu kwenye injekteri) inalainishwa na mazutu yenyewe. Pima kwa densimetri, kipimo cha uzito wa mafuta: mazutu safi ya kiwango cha Ulaya ni kilo 0.820 hadi 0.845 kwa lita, kwa nyuzi 15. Kila nyuzi moja juu ya hapo inashusha takriban 0.0007, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 ongeza karibu 0.010 kwenye ulichosoma. Ukisoma 0.795 saa hiyo, jumla ni 0.805: usinunue. Kwa maji, jaza chupa ya kioo, iache usiku kucha, asubuhi angalia chini. Wakati wa mvua usilaze lori na tangi nusu. Hewa ya juu ya mafuta inatoa jasho.

Sasa motere ikiwa imekufa kweli. Kabla ya kununua segmenti (pete za pistoni), soma maiti. Oili imepanda juu ya alama na inanuka mazutu? Injekteri (inayonyunyizia mazutu kwenye silinda) inavuja, au pompi inamwaga mazutu ndani ya motere. Pistoni moja imetoboka kichwani na tano ni nzima? Injekteri ya silinda ile. Chemizi (mabomba ambamo pistoni hucheza) zote zimelika juu, penye segmenti ya kwanza? Vumbi: tafuta bomba la hewa lililopasuka kati ya filtri na turbo. Maji ndani ya oili na kulasi (kifuniko cha juu cha silinda) ni nzima? Toa chemizi, kama ni zile zinazoguswa na maji, uangalie nje yake. Vishimo kama vya sindano vinatokana na kumwaga maji matupu ya bomba kwenye radiateri. Chemizi hutetemeka, mapovu hupasukia juu ya chuma, mwisho hutoboka.

Ukifunga vipya bila kuondoa sababu, umenunua miezi michache tu.

Vipimo havipimwi kwa kidole. Nafasi ya ncha za segmenti: ingiza segmenti peke yake ndani ya chemizi, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, pima kwa kale (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kama kitabu hakipo, 0.3 hadi 0.4 mm kwa kila mm 100 za kipenyo. Lori la Howo lenye motere ya WD615 lina silinda ya mm 126, basi segmenti ya juu karibu 0.4 hadi 0.5. Ikibana kuliko hapo, ncha zitagusana ikipata moto na kuchana chemizi. Vilibrikeni (mhimili unaozungushwa na pistoni) ipelekwe kwa fundi mkereza. Kusineti (beringi za shingo zake) huja za mm 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kufuata kiasi kilichokerezwa, na nafasi ya oili ni karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo: shingo ya mm 80, nafasi 0.08. Tundu za oili za vilibrikeni zioshwe kwa brashi. Unga wa kukereza ukibaki humo, kusineti mpya hazimalizi wiki.

WD615 ina kulasi sita, moja kwa kila silinda. Nafasi ya valvu zake, motere ikiwa baridi: mm 0.3 za kuingiza hewa, 0.4 za kutoa moshi. Rudia kupima baada ya kilomita za kwanza.

Pompi na injekteri zote ziende kwenye benchi ya kupimia, tangi lishushwe na kuoshwa, filtri zote mbili ziwe mpya. Hapa wengi hubania pesa, na hapa ndipo motere mpya hufa.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa starteri bila mazutu mpaka presha ya oili ipande, na turbo imiminiwe oili kwanza. Ikiwaka, usiiache ikinguruma nusu saa: bila mzigo segmenti hazikai, chemizi inang'aa kama kioo na oili inaanza kupanda na kuungua. Ipashe moto, pakia nusu ya mzigo, nenda Likasi na kurudi ukibadilisha mwendo. Oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 1,000. Na usiipeleke wiki ile kwenye foleni ya Kasumbalesa.